Mzee, tetemeko si la Wajapani pekee

Barua zinazofika katika ukumbi huu kwa kawaida huwa za namna mbili. Kuna za wanafunzi wanaotaka niwaambie kazi yenye pesa, na kuna za wazazi wanaotaka niwaambie watoto wao wafuate kazi yenye pesa. Juma hili nimepata ya namna ya tatu, nami nimeisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu.

Aliyeiandika ni msichana wa kidato cha nne ambaye kwao ni mtaa wa Kapsoya, Eldoret. Jina lake nalificha, na hivi punde utaona kwa nini. Anasema anapenda hisabati na kompyuta, na kwamba tangu mwalimu wa jiografia awafundishe jinsi Bonde la Ufa lilivyofanyika, hana raha. Siku moja alimuuliza baba yake kama tetemeko kubwa la ardhi linaweza kutokea pande zetu. Baba, ambaye anajenga nyumba ya kupangisha ya ghorofa nne kwenye ploti iliyo karibu na kijito, alimjibu mbele ya mafundi kwamba matetemeko ni ya Wajapani, na kwamba mtoto anayesomeshwa kwa kodi ya nyumba asiwe wa kwanza kuwatia wapangaji hofu. Mafundi wakacheka. Binti akanyamaza, akaenda chumbani, akaniandikia.

Ana maswali matatu. Je, mzee amesema kweli? Je, kuna kazi inayounganisha udongo, matetemeko na kompyuta, au itambidi achague moja na kuziaga nyingine? La tatu ni la kinyumbani zaidi, nami nitaliacha mwisho.

Nianze na mzee, kwa heshima zake zote.

Usiku wa Januari 6, 1928, ardhi ilitetemeka na kupasuka upande wa Subukia, si mbali na Nakuru. Wataalamu wanalipa tetemeko hilo ukubwa wa 6.9, nalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa nchini Kenya. Ufa ulioonekana juu ya ardhi, chini ya kuta za Laikipia na Marmanet, ulikuwa na urefu wa kilomita 38 hivi, na mahali pengine upande mmoja ulishuka kwa zaidi ya mita 2. Hebu simama mlangoni pako, msomaji, uuwazie uwanja wako ukizama kupita kimo cha mtu mzima kabla hujamaliza kuita jina la mwanao. Kutoka Subukia hadi Eldoret, ukipima kwa rula kwenye ramani, ni kama kilomita 120.

Madhara ya usiku ule hayakulingana na ukubwa wa tetemeko lenyewe. Watu walikuwa wachache, na nyumba nyingi zilikuwa za miti, udongo na nyasi, ambazo huyumba na hata zikianguka hazimwangukii mtu na tani za zege. Sasa linganisha na yaliyowapata jirani zetu wa Bukoba, Tanzania, mnamo Septemba 10, 2016. Tetemeko la huko lilikuwa na ukubwa wa 5.9 tu. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na nyumba chungu nzima za matofali zikabomoka. Na usidhani kwamba kati ya 5.9 na 6.9 pana tofauti ndogo kama ya alama za mtihani. Kila kipimo kinapopanda kwa 1, nguvu inayotoka ardhini huongezeka kiasi cha mara 30. Lile la Subukia lilikuwa kama matetemeko 30 ya Bukoba yaliyofungwa katika furushi moja.

Wala si hayo mawili tu. Desemba 13, 1910 lilitokea la 7.4 upande wa Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Machi 20, 1966 eneo la Toro, Uganda, lilitikiswa na watu zaidi ya mia moja wakapoteza maisha. Na wako wasomaji wangu wanaoikumbuka Desemba 5, 2005, lilipozuka la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika, hata Nairobi watu wakatoka maofisini mbio, wengine wakiacha viatu chini ya meza.

Hata hivyo mzee ana nusu ya ukweli, na mtoto mwenye adabu humpa baba yake nusu yake. Eldoret haiko ndani ya Bonde la Ufa. Iko juu kwenye uwanda wa Uasin Gishu, na chini ya sehemu kubwa ya uwanda huo kuna mwamba mgumu wa volkeno ambao ulimwagika kabla binadamu hajakuwako. Ukitoka mjini kwenda Iten utauona ukingo wa uwanda wenyewe: ardhi inakatika ghafla na bonde la Kerio linatandaa zaidi ya mita 1,000 chini yako. Ukuta ule wa Elgeyo ni kazi ya mipasuko ya ardhi. Matetemeko makubwa kwetu ni nadra, nakubali. Lakini unadra huo ndio unaotudanganya. Aliyezaliwa mwaka wa Subukia angekuwa anakaribia miaka 100 sasa, na hakuna fundi hata mmoja kwenye mjengo wa mzee aliyewahi kuona zege likichezeshwa na ardhi.

Swali la pili sasa. Ndiyo, mwanangu, kazi hiyo ipo, na mtu mmoja aliyeifanya vizuri sana aliwahi kulichunguza tetemeko letu la Subukia kwa makini kuliko wengi wetu tuliozaliwa hapa.

Jina lake ni Nicholas Ambraseys. Alizaliwa Athens, Ugiriki, mwaka 1929, yaani mwaka mmoja baada ya ufa wa Subukia kufunguka. Alikwenda London kusomea mambo ya udongo katika chuo cha Imperial College, na utafiti uliompa shahada yake ya uzamifu mwaka 1958 ulihusu mabwawa ya udongo: je, ukuta wa bwawa uliojengwa kwa udongo ulioshindiliwa utasimama ardhi ikitikisika? Kutokana na swali hilo moja akapata kazi ya maisha. Alifundisha, akashauri serikali na UNESCO, akatembelea miji iliyobomoka. Na alikuwa na tabia moja isiyo ya kawaida kwa wahandisi: alipenda kuchimbua magazeti makuukuu, barua na ripoti za zamani ili ajue tetemeko fulani lilisikika wapi na lilibomoa nini. Mwaka 1991 alichapisha uchunguzi wake juu ya Subukia. Alifariki mwaka 2012. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mhandisi hana haja ya kusoma historia, mwambie amtafute Mgiriki huyo.

Kazi yenyewe ni nini basi? Kwa ufupi, ni uhandisi wa udongo wakati wa tetemeko. Mhandisi wa majengo anauliza kama nguzo zitahimili. Huyu wetu anauliza kilicho chini ya nguzo kitafanya nini.

Chukua sufuria mbili, moja ya ugali uliokwisha kuiva na nyingine ya uji, uziweke juu ya meza, kisha uitikise meza. Ugali unatikisika pamoja na meza na basi. Uji unaendelea kuyumba peke yake hata baada ya meza kutulia, na wimbi lake linaweza kupita ukingo. Ndivyo ulivyo udongo laini juu ya mwamba. Jiji la Mexico lilijifunza hivyo Septemba 19, 1985. Tetemeko lilitokea pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka mjini, umbali ambao ungetosha kumpa mtu usingizi mzuri. Lakini sehemu kubwa ya jiji imejengwa juu ya mfinyanzi laini wa ziwa lililokaushwa, nao mfinyanzi ule ukaukuza mtikisiko mara nyingi. Maelfu ya watu walikufa. La ajabu ni kwamba majengo ya ghorofa kama 6 hadi 15 ndiyo yaliyoumia zaidi, kwa sababu mwendo wake wa kuyumba ulilingana na mwendo wa udongo, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi. Kwenye sehemu za mwamba, mji ulikuwa kama hakukutokea kitu.

Kuna na ubaya wa pili. Umewahi kwenda Mombasa ukasimama kwenye mchanga uliolowa, pale maji yanapofikia, ukawa unakanyagakanyaga mahali pamoja? Mchanga hulainika ukazama hadi kwenye vifundo vya miguu. Juni 16, 1964, mjini Niigata, Japani, mchanga wa namna hiyo uligeuka uji chini ya majengo ya makazi. Majengo hayakuvunjika. Yalilala tu, mazima mazima, kama mlevi aliyechoka. Mwaka huohuo, Machi 27, Alaska ilikuwa imepigwa na tetemeko la 9.2 ambalo liliporomosha sehemu za mji wa Anchorage kwa sababu ya udongo. Ni baada ya miezi ile ndipo somo hili lilipoanza kupata wanafunzi na fedha.

Kisha Februari 9, 1971, karibu na Los Angeles, sehemu ya juu ya ukuta wa bwawa la udongo la San Fernando iliteleza ikaingia majini. Kilichobaki kuzuia maji kilikuwa ukingo mwembamba wa udongo wenye nyufa. Watu kama 80,000 waliokuwa wakiishi chini yake walihamishwa kwa siku kadhaa huku maji yakipunguzwa. Bwawa halikupasuka. Lakini tangu siku ile, anayetaka kujenga au kutunza bwawa kubwa anajua kwamba lazima amwite mtu wa udongo na matetemeko, amlipe, na amsikilize. Hapo ndipo palipopatikana riziki ya wahandisi washauri wengi wa fani hii.

Neno "mshauri" lisikupumbaze ukadhani ni mtu wa kukaa kwenye kiti cha ngozi. Nilipata kumtazama mmoja akiwa kazini nje kidogo ya Eldoret, buti za mpira hadi magotini, daftari ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya manyunyu. Vijana wake walikuwa wamesimamisha mtambo wa miguu mitatu. Nyundo ya kilo 63.5 huinuliwa sentimita 76 kisha huachwa ianguke, ikipiga chuma kinachosukuma bomba ndani ya ardhi, na mhandisi huhesabu mapigo yanayotakiwa ili bomba lizame sentimita 30. Mahali pamoja mapigo manne yalitosha. Hatua chache kutoka hapo, nyundo ilipiga mara 50 na bomba likakataa: limefika mwamba. Ploti moja, bei moja, na jirani mmoja, lakini ardhi mbili. Kila bomba linapotolewa hufunguliwa kama samaki na udongo ukatazamwa rangi, ukashikwa kwa vidole, ukafungwa ili upelekwe maabara. Kipimo hiki ni cha miaka mingi na kinatumika kote duniani, na hesabu nyingi za kujua kama mchanga utageuka uji huanzia kwenye mapigo hayohayo.

Baada ya hapo huandikwa ripoti, na baada ya ripoti huja ubishi. Mwenye ploti anataka ghorofa nne. Mhandisi anasema upande wa kijito msingi ushuke hadi penye mwamba. Mwenye ploti anapiga hesabu ya saruji na vyuma, anakuna kichwa, anauliza kama hakuna mshauri mwingine. Mshauri anayefaa ni yule anayeweza kuvumilia kuulizwa hivyo bila kubadili jibu, maana mwishowe ndiye anayetia sahihi na muhuri, na jengo likileta maafa ni sahihi hiyo itakayosomwa kwanza.

Mimi sina mdomo wa kumcheka mwenye ploti. Nilipojenga kibanda changu miaka kadhaa iliyopita niliambiwa nipimishe udongo, nami nikaona ni afadhali fedha zile zinunue milango ya mvule. Fundi alichimba futi tatu, akakutana na ule udongo mweusi unaonata buti wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua kali, akasema "hapa ni sawa, mzee", nami nikasema "sawa". Udongo ule hunywa maji ukavimba, kisha hukauka ukasinyaa, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka pamoja nao. Kiangazi cha pili ufa ulianzia pembe ya dirisha la sebule ukapanda hadi darini. Mke wangu ameutundikia kalenda. Kila Januari tunanunua kalenda ndefu zaidi. Na hilo, msomaji, ni bila tetemeko.

Sasa kompyuta inaingia wapi? Inaingia pale ambapo daftari la buti za mpira linageuka kuwa hesabu. Udongo una tabaka: hili jekundu, lile jeusi, changarawe, kisha mwamba. Mtikisiko unapopanda kutoka kwenye mwamba, kila tabaka huubadilisha, na udongo wenyewe hulainika kadiri unavyotikiswa, hivyo hesabu hujirudia mara nyingi sana. Kwa kalamu ungezeeka. Mwaka 1972, pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, watu watatu, Schnabel, Lysmer na Seed, walitoa programu waliyoiita SHAKE ambayo hufanya hesabu hiyo: unaipa unene wa kila tabaka, uzito na ugumu wake, na mtikisiko ulioko chini, nayo inakupa mtikisiko utakaofika juu, mlangoni pa nyumba. Enzi hizo maagizo ya kompyuta yalitobolewa kwenye kadi. Kompyuta ndogo za mezani zilipoenea katika miaka ya 1980, wahandisi wakaanza kuirekebisha, kuiongezea na kuandika nyingine zilizoanzia hapo.

Wengi walioandika programu za namna hii walikuwa watu wa udongo kwanza. Walichoshwa na kurudia hesabu ileile kila kazi mpya ilipokuja, wakaandika programu ya kujisaidia. Mwenzao akaiomba, wa tatu akataka kuinunua, na kumbe biashara imezaliwa. Programu ya PLAXIS, ambayo leo inatumika dunia nzima, ilianza mwaka 1987 katika chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, kwa sababu Waholanzi walikuwa na kuta za kuzuia mito zilizojengwa juu ya udongo laini na walitaka kujua zitasimama au la. Mhandisi wa aina hiyo hula kwa mikono miwili: asubuhi anauza ushauri, jioni anauza programu, na kila kazi ya ushauri humwonyesha programu yake imepungukiwa nini. Wengine hutoa programu bure na kulipwa kwa mafunzo na ushauri. Ni maisha mazuri, ila usidhani ni ya starehe. Mteja aliye ng'ambo akigundua kosa katika hesabu usiku wa manane, ni wewe utakayeamka.

Hapa nataka kumnong'oneza binti wa Kapsoya jambo, na wazazi wasikilize pia. Kompyuta (au tarakilishi, kama walimu wenu wanavyosisitiza) haichimbi shimo. Ukiipa tabaka ulilolikisia, itakuletea jibu lenye tarakimu sita baada ya nukta, lenye rangi za kupendeza, na la uongo. Nimewaona vijana wakiionea haya sepetu kwa sababu wamejua kuchora mlima kwenye kioo. Mtu wa programu asiyewahi kuushika udongo hajui ni lini kioo kinamdanganya, na mtu wa udongo asiyejua programu imeandikwaje hulazimika kuiamini kama anavyomwamini mganga. Anayevijua vyote viwili ni adimu, na ndiyo maana hulipwa.

Je, kuna kazi hizo hapa kwetu? Sitakuuzia mbuzi ndani ya gunia. Ukisema utakuwa mhandisi wa matetemeko tu na usishike kitu kingine, Kenya utalala njaa. Utakula kwa udongo wa kila siku: misingi, barabara, madaraja, mabwawa, visima vya mvuke vya Olkaria na Menengai. Bwawa la Turkwel kule Pokot Magharibi, lililomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1990, lina ukuta wa zege wa mita 153 uliopindwa kama upinde kati ya majabali, katika eneo lenye mipasuko ya ardhi. Ukuta kama huo utahitaji macho ya wataalamu maadamu umesimama. Kisha kuna milima yetu yenyewe. Novemba 2019, Pokot Magharibi, maporomoko yaliua makumi ya watu. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, mvua iliteremsha mlima juu ya Chesongoch, Elgeyo Marakwet, watu zaidi ya 20 wakafa na majeruhi wakaletwa Eldoret kwa ndege. Maporomoko hayo yaliletwa na mvua, wala hayakuletwa na tetemeko. Lakini hesabu ya mteremko kuteleza ni ndugu ya damu ya ile ya bwawa la San Fernando, na anayeijua moja anaijua nyingine. Ningependa kuona programu iliyoandikwa na mtoto wa Uasin Gishu, ikipewa mvua iliyonyesha na udongo wa Marakwet, ikimwambia chifu usiku huo watu wahame. Kazi hiyo bado inamngoja mtu.

Njia yenyewe si ya siri. Hisabati na fizikia usizichezee, kemia usiitupe, na jiografia uliyoipenda iendelee kukukosesha usingizi. Kwa wadogo zako walio katika mtaala mpya, ni ule mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati katika sekondari ya juu. Huna haja ya kwenda mbali: Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kinafundisha uhandisi wa ujenzi pale Kesses, ambako unaweza kwenda kwa matatu na kurudi jioni. Ni miaka mitano. Asiyepata alama za chuo kikuu anaweza kuanza na diploma katika Eldoret National Polytechnic. Fundi wa maabara anayejua kupima udongo kwa uaminifu ni mtu wa kuthaminiwa. Ukihitimu unajiandikisha kwa Bodi ya Wahandisi ya Kenya, unafanya kazi chini ya wakubwa kwa muda usiopungua miaka mitatu, ndipo unaomba kuitwa mhandisi kamili. Ushauri unakuja baadaye, nywele zikianza kuchanganyika.

Mambo ya matetemeko hasa utayakuta kwenye shahada ya pili. Japani wana taasisi yao kule Tsukuba, iliyoanzishwa mwaka 1962, ambayo huwafunza kwa mwaka mmoja wahandisi wa nchi zinazoendelea, na serikali ya Japani husaidia gharama kupitia shirika la JICA. Kumbe mzee hakukosea kabisa kuwataja Wajapani.

Lakini usingoje hadi wakati huo. Lugha ya kompyuta iitwayo Python ni ya bure, na programu ya OpenQuake, inayotengenezwa na taasisi ya GEM ya Pavia, Italia, imeandikwa kwa lugha hiyo na kutolewa bure kwa yeyote. Hukadiria mahali fulani patatikisika kiasi gani na mara ngapi. Kompyuta ya mkononi iliyotumika inatosha kuanzia. Anza na kitu kidogo: andika programu ya kukokotoa mteremko wa udongo mkavu utateleza ukiwa na pembe gani, kisha ukokotoe uleule kwa kalamu. Majibu yakitofautiana, tafuta nani kakosea. Nakuonya mapema kwamba mara nyingi utakuwa ni wewe.

Sasa lile swali la tatu. Binti anauliza: je, ni utovu wa adabu kumwomba baba apimishe udongo wakati mashimo ya msingi yameshachimbwa na mafundi wamelipwa nusu?

Mwanangu, si utovu wa adabu, na wakati wenyewe ndio huu. Shimo likiwa wazi, mhandisi ataingia ndani aone kwa macho kile ambacho kesho atalazimika kukitobolea zege ili akione. Kijito kilicho jirani kinanitia wasiwasi zaidi kuliko Wajapani, kwa maana udongo wa bondeni mara nyingi ni ule mweusi ninaoujua kwa ufa wa sebuleni mwangu, na huenda shimo la upande wa juu limefika penye mwamba na la upande wa chini likaning'inia kwenye tope. Nyumba yenye mguu mmoja kwenye jiwe na mwingine kwenye tope haihitaji tetemeko kubwa. Muulize baba pia kama michoro ya ghorofa hizo nne ina sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa. Kenya imekuwa na kanuni za ujenzi kuhusu matetemeko tangu mwaka 1973, hivyo mhandisi huyo hatashangaa ukimtajia Subukia.

Usimwambie mbele ya mafundi. Ngoja jioni, akishamaliza chai, umwambie: "Baba, naomba shimo la upande wa kijito lisijazwe kabla ya Ijumaa." Akiuliza kwa nini, mkunjie ukurasa huu umpe asome. Jina lako nimelificha. Ploti yake ataitambua mwenyewe.